Antene ya Kumshusha Mama

Paa la jipu la yaya, kaka yangu mkubwa, limebeba karibu kila kitu ambacho Mungu aliumba. Limebeba mihogo ya Runingu, mchele wa Lubarika, mbuzi waliofungwa miguu, magodoro, harusi nzima pamoja na ngoma zake, na mchungaji mmoja mnene aliyekataa kukaa ndani kwa sababu ya harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu. Limebonyea katikati kama sahani ya supu. Mvua ikinyesha bata wanaweza kulelea watoto pale juu. Asubuhi ile nililipanda na msasa mkononi nikitafuta kitu kimoja tu: sehemu ya chuma safi, isiyo na rangi wala kutu, upana wa kiganja, pa kufunga antene.

Mama yetu alikuwa Mulenge, juu milimani, na tulitaka kumshusha Uvira.

Alikuwa amebaki karibu peke yake. Tangu bunduki zianze kusikika kwenye vilima vya nyuma, majirani walishuka familia moja moja, na mwishowe moshi wa jikoni ulikuwa unatoka katika nyumba yake tu. Ng'ombe wake walichukuliwa wote isipokuwa mmoja mzee ambaye hata wezi walimhurumia. Tena alikuwa na kifua. Kifua cha Mama kilikuwa kinapiga filimbi tangu masika yaanze, na dawa kule juu zilikuwa zimeisha. Kila tulipomtumia neno ashuke, alijibu kwamba Uvira kuna joto, mbu na watu wasiosalimiana. Halafu siku moja mwanamke anayeuza maharage alitoka huko na ujumbe mfupi: "Waambieni wanangu nimekubali. Waje kabla sijabadili mawazo."

Kwa Mama kukubali jambo ni kama Ziwa Tanganyika kukubali kurudi nyuma. Sisi ambao maji yamekula nyumba zetu za ufukweni tunajua hilo linavyotokea mara chache. Ilibidi kwenda upesi.

Lakini barabara ya mlimani ina tabia ya mlevi, asubuhi inakuchekea, saa sita inakupiga. Yaya alisema hawezi kupanda kama kipofu. Simu kule zilikuwa zimegeuka mawe, kwa kuwa mnara ulikuwa umezimwa. Kilichobaki ni foni, ile redio ya kubonyeza ukisema na kuachilia ukisikiliza. Mimi nina foni kwenye karakana yangu hapa Mulongwe, mjini Uvira, na waya wake umetandazwa kati ya michikichi miwili. Jina langu hewani ni Ndagala. Foni ya pili nilikuwa nayo kwenye rafu, nzima kabisa. Hiyo ingeingia ndani ya jipu, na jipu tukalibatiza Mukeke, kwa sababu ndiye samaki anayemeza ndagala na yaya hapendi kuitwa kitu kidogo.

Redio haikuwa taabu. Taabu ilikuwa antene.

Nilitandika mkeka uani nikalaza antene tatu. Ya kwanza ilikuwa fupi, nyeusi, kama pembe ya mbuzi mdogo, imetoka kwenye teksi. Ya pili niliitengeneza mwenyewe, waya wa breki ya baiskeli uliozungushwa kwenye bomba la maji. Ya tatu ilikuwa fimbo ndefu nyeupe, ndefu kiasi kwamba ukiisimamisha Uvira wavuvi wa Burundi wanafikiri tumejenga kanisa.

"Hii fupi ni mzuri," yaya alisema. "Haina kiburi."

"Haina kiburi na haina masikio. Ukipita Runingu tu, itakuwa pambo."

"Na hii ndefu? Weye unataka banikamate? Ku bariere bakiona fimbo kama hiyo, banasema ndani kuna mukubwa wa jeshi. Kama si wa kwao, ni adui. Minye na maharage yangu nitaeleza nini?"

Alikuwa na haki. Kwetu antene ndefu juu ya gari ni kama cheo begani. Anayesimama kwenye kamba ya bariere, kile kizuizi cha barabarani, haangalii kwanza uso wako, anaangalia juu ya paa lako. Ndiyo maana madereva wetu wana adabu moja ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha elektrisite. Wakikaribia bariere wanashuka, wanaikunja antene pole pole mpaka ncha ifike mbele, wanaifunga kwenye bampa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Gari linaonekana limeinama. Linasalimia. Wakishapita kona wanaifungua, nayo inaruka juu kwa hasira na kupiga matawi.

"Utaiinamisha," nikamwambia. "Kama bote banavyofanya."

"Ikikatika?"

"Hii haikatiki. Hii unaweza kuvulia mamba."

Tukachukua ndefu. Mke wangu, ambaye alikuwa anakaanga samaki mlangoni na kusikia yote, akasema, "Tangu asubuhi unazipapasa hizo fimbo tatu. Minye ulinichagua kwa siku moja."

"Weye nilikusikia bila antene," nikamjibu, na yaya akacheka hadi akaketi kwenye mkeka, juu ya ile antene ya bomba la maji. Hapo uchaguzi ukaisha kabisa.

Kufunga kulituchukua muda wote uliobaki wa siku, hasa kwa sababu ya ugomvi. Yaya hakutaka paa litobolewe.

"Ukitoboa, mvua itaingia. Bantu batafika Runingu banaogelea."

"Tundu moja, yaya. Nitaliziba na gundi."

"Hata moja."

Basi nikasudiri, yaani nikachomelea, kipande cha chuma kwenye ukingo wa nyuma wa paa, pale panapopita mfereji wa mvua, na kwenye kipande hicho ndipo kitako cha antene kingekaa. Niliposhuka kunywa maji na kurudi, nikakuta yaya ametandika mpira chini ya kitako, mpira mzuri, ameukata duara, ameuosha na sabuni.

"Hii ni ya nini?"

"Kulinda rangi."

"Rangi gani? Hii gari ilisahau rangi yake tangu ubatizo. Yaya, antene inataka kugusa mwili wa gari, chuma kwa chuma. Gari lote ndiyo nusu ya antene. Ukiweka mupira katikati, ni kama kuoga na koti."

Watu wa hapa tunafunga kila kitu kwa mpira wa baiskeli, kuanzia mlango wa choo mpaka kiuno cha mgonjwa, kwa hiyo ilimuuma. Alikaa chini akitazama nikikwangua kwa msasa kile kiraka cha chuma mpaka kikang'aa kama jino jipya. Nikapaka grisi ili kutu isiingie. Nikafunga boliti, nikavuta waya wa shaba wa kusukwa kutoka kwenye kitako mpaka kwenye mwili wa gari, nikapitisha kebo dirishani, nikaifunga kwenye foni. Kisha nikakimbia karakanani kwangu, hatua chache tu, nikabonyeza.

"Mukeke, Mukeke, Ndagala anakuita. Unanipata? Kwako."

"Ndagala, nakupata tano juu ya tano," ikajibu foni, na dirisha nalo likajibu, kwa sababu yaya alikuwa anapiga kelele kana kwamba hakuna redio. Mke wangu akasema kwa sauti ile tusingehitaji kupoteza chuma.

Tulifurahi kama watu waliokwisha kumleta Mama nyumbani. Kitanda chake nilikuwa nimekitengeneza, kiko juu ya matofali kwa ajili ya maji ya ziwa, na mke wangu ametundika chandarua kipya. Nikampa yaya agizo la mwisho nikiwa na uhakika wa mtu aliyesoma elektrisite shule ya jioni, na mbu wote wa Uvira wakiwa wanafunzi wenzangu.

"Ku bariere, inamisha. Lakini ukifika mulimani, isimamishe wima kama mulingoti wa bendera. Kule ndiko tunahitaji masikio."

"Wima," akasema.

Akaondoka kulipopambazuka. Kavimvira nilimpata. Runingu nilimpata vizuri mno, nikasikia hata muuza ndizi akimtukana. Akaniambia amevuka mto, maji ni ya kifundo cha mguu, anaanza kupanda, anafungua antene, anaisimamisha. Nikamwambia endelea. Na baada ya hapo sikumpata tena. Nilimwita mpaka jua likawa juu ya Burundi kabisa, kisha likavuka upande wetu. Foni ilikuwa inapumua tu, ile sauti ya mafuta ya samaki kikaangoni.

Jioni nikajiambia amefika, amechoka, amezima redio kulinda batri. Mpango wetu ulikuwa alale kwa Mama, kesho yake adhuhuri washuke. Nikamwambia mke wangu hivyo, naye akaenda kukung'uta chandarua cha Mama mara ya pili. 

Asubuhi ya pili nikamwita tena. Hakuna. Na kabla ya adhuhuri, sauti nyingine ikaingia, ya muganga wa kituo kimoja cha afya kule Lubarika ambaye huwa tunasalimiana hewani.

"Ndagala, uko na gari mulimani?"

"Niko na yaya yangu. Na mama yangu. Banashuka leo."

Nikamsikia akimwambia mtu huko kwake ashikilie bendeji. 

"Basishuke," akasema. "Bantu ba bunduki bamekuja ku barabara, chini ya mulima, kwenye zile kona. Gari mbili bamezichoma. Kuna bantu banakuja kwangu na majeraha. Mwambie asishuke. Kwako."

Nimeishi Uvira miaka mingi na nimeogopa mambo mengi, lakini hofu ile ilikuwa na mikono. Ilinisukuma kwenye foni.  Nikabonyeza.

"Mukeke, Mukeke, Mukeke. Usishuke. Kama unanipata, usishuke. Kwako."

Mafuta ya samaki.

Nikaita. Nikaita nikisimama, nikaita nikipiga magoti, kana kwamba foni ni altare. Nikapanda mchikichi kuvuta waya wangu uwe juu zaidi, na mimi si mtu wa kupanda miti, mchikichi wenyewe ulishangaa. Nikabadilisha batri. Nikasafisha viungo vya waya kwa ule msasa wa juzi. Muganga wa Lubarika naye akawa anaita kutoka kwake, nasikia sauti yake ikichoka: "Mukeke, Mukeke." Hakuna aliyemjibu yeyote kati yetu. Nilipiga hesabu ya kila kitu nilichofunga juu ya paa lile. Boliti, grisi, waya wa shaba, kebo. Antene ndefu, safi, wima, chuma kwa chuma, kama kitabu kinavyotaka. Na mlima mzima umekaa kati yetu, umekunja mikono.

Mke wangu alikuja na chai. Akaiweka, akaketi kwenye kizingiti.

"Labda hajaanza safari," akasema.

"Adhuhuri imefika."

"Mama yako hawezi kutoka adhuhuri kamili. Atataka kuaga ng'ombe. Atasahau kitu, atarudi. Unamujua."

Nilimjua. Nikaanza kumwomba Mungu Mama asahau vitu vingi. Asahau kitenge, arudi. Asahau kibuyu cha maziwa, arudi. Agombane na yaya juu ya kuku. Sijawahi kuomba ugomvi uingie katika familia yetu, siku hiyo niliuomba kwa machozi, nao ni ugomvi ambao kwa kawaida haunaga haja ya maombi.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika kwenye mkeka niliposikia kitu. Kwanza kukatika kwa ile pumzi ya redio. Halafu, wazi, kana kwamba ameketi kwenye kitanda cha matofali:

"...Ndagala, Mukeke anakuita. Unanisikia ao ungali unalala? Kwako."

Nilipiga kelele, kuku wakakimbia.

"Yaya! Uko wapi? Uko wapi? Kwako!"

"Usipige kelele, Mama anasema utapasua hiyo kitu. Tuko ku bariere ya vijana ba hapa juu banaolinda njia, hapa tunapoanza kushuka. Nimeinamisha antene, nangojea bafungue kamba. Tangu jana nakuita, weye unanyamaza. Kwako."

"Umeinamisha?"

"Si nimekwambia ni bariere?"

Hapo kichwa changu kilifanya kazi kwa kasi ambayo hakijawahi kufikia wala hakitafikia tena. Ilipokuwa wima, alikuwa bubu. Imelala juu ya gari, ananiongelea sikioni. Baadaye nilikuja kulisoma jambo hilo na kulielewa. Antene iliyosimama inatupa sauti yake mbali, chini chini, nayo inagonga mlima na kuanguka. Iliyolala inaitupa juu, moja kwa moja angani, na anga inairudisha kama mvua, inanyesha mlimani na bondeni bila ubaguzi. Lakini wakati ule sikujua sababu. Nilijua tu kwamba akifungua ule ukanda wa mpira, nimempoteza.

"Yaya, sikia. Usiifungue antene. Hata bakifungua kamba, usiifungue. Iache ilale. Umesikia? Kwako."

"Weye ndiye ulisema wima."

"Nasema ilale! Na usishuke. Barabara ya chini imefungwa. Bantu ba bunduki bako kwenye kona, banachoma magari. Muganga wa Lubarika amebaona ba majeraha. Geuza gari. Rudi. Kwako."

 Nilisikia muganga akiingia kwa sauti ndogo, "Ni kweli, Mukeke, ni kweli," halafu akatoka, kwa heshima, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha watu.

"Mudogo," yaya akasema, na sauti yake haikuwa na mchezo tena. "Kule nyuma hamuna kitu. Nyumba zote ni tupu. Jana usiku Mama hakulala, kifua kinamukaza. Nimeweka mizigo yake yote mu gari. Ng'ombe ameacha kwa hawa vijana. Nimurudishe wapi? Kwako."

Na mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Nilikuwa nimetengeneza kila kitu, paa, kitako, waya, kitanda, ili siku hiyo nimwambie mama yangu karibu. Sasa njia ya hewani ilikuwa wazi, tano juu ya tano, na neno pekee la kupitisha ndani yake lilikuwa "baki". Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge.

"Murudishe nyumbani kwake," nikasema. "Ubaki naye. Kwako."

Redio ikapumua. Kisha kukawa na vurugu, mkono unapokea kitu kutoka kwa mkono mwingine, na sauti ya yaya kwa mbali: "Bonyeza hapa, Mama. Ukimaliza, achilia."

"Mwanangu," Mama akasema.

"Mama," nikajibu, ingawa nilijua hasikii, kidole chake kiko juu ya kitufe.

"Wanasema unataka nirudi. Minye nilikwisha kuaga. Ng'ombe nimemuaga, nyumba nimefagia, si mtu anaacha nyumba chafu. Sasa nitaingiaje tena? Nitaiambia nini?" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilikuwa kirefu. Nilikisikia chote. "Usilie. Najua unalia, tangu mutoto weye unaliaga na pua. Umekula? Muke wako amekupikia? Hicho kitanda mulalishe mutoto wako, kisikae bure, panya wataingia. Mukubwa wako atachota maji, atanikatia kuni. Nitakula vizuri. Usimutukane huyu yaya yako juu ya antene, ameifunga kwa adabu. Unanisikia?"

Hakuachilia. Alikuwa anangoja jibu na kidole kimebonyeza.

"Unanisikia?"

"Mama, achilia," nilimwambia kwenye maikrofoni isiyomfikia. "Achilia, Mama, nikujibu."

Nilisikia upepo wa kule juu. Nilisikia vijana wa bariere wakibishana kuhusu ng'ombe. Na chini ya hayo yote nilisikia pumzi yake ikiingia na kutoka na ile filimbi, mpaka yaya alipomtoa kidole kwenye kitufe. Tukaambiana maneno machache ya haraka, kwa sababu batri ilikuwa inashuka. Halafu nikasikia injini ikigeuza.

Bado wako kule. Barabara haijafunguliwa. Kila mtu anayetoka upande huo namuuliza, na kila mtu ananipa siku yake ya kufunguliwa, mpaka nimeanza kuamini kwamba watu wa Uvira ndio waliomgawia Mungu kalenda. Muganga wa Lubarika aliahidi kupeleka dawa za kifua kwa mtu anayepita njia za ng'ombe. Sijui kama zimefika zote.

Kila alasiri, jua likianza kuegemea, yaya anawasha foni kwa muda mfupi. Batri anaichajia kwa kuzungusha injini, na mafuta yanakwisha, kwa hiyo ananipigia makelele nifupishe. "Mufundishe Mama kuachilia!" ananiambia. "Anatumaliza batri!"

Nilimfundisha siku za kwanza. Sasa simwambii tena aachilie. Mama anabonyeza, ananisalimu, anauliza kama nimekula, halafu anangoja jibu akiwa amebonyeza. Ninapunguza kelele za karakana, namwomba mke wangu aache sufuria, naegemeza sikio kwenye spika, na kusikiliza ile filimbi ya kifua chake, kama leo iko chini kuliko jana, au juu.